Kitambaa Chekundu cha Njia Panda

Barua ya manispaa ilikuwa na mistari minne, na fundi viatu aliisoma mara tatu akitafuta wa tano. Ilisema wahesabuji wao walikaa njia panda yetu siku mbili wasione mtu akikimbia, gari likifunga breki ghafla, wala yeyote aliyekoswakoswa. Hatari: sifuri. Taa za kuvukia haziwekwi mahali salama.

"Salama!" alifoka. Tunamwita Mheshimiwa, maana hata chumvi anaiomba kwa hotuba. "Shemeji, umesikia? Eti salama!"

Nilikuwa nimesikia. Niliendelea kupinda suruali ya mteja. Huu ulikuwa mwezi wa nane moyo wangu umekufa ganzi, na habari mbaya ilinifikia kama habari ya mvua ya mji mwingine.

Kosa lilikuwa langu, wala halikuhitaji darubini. Tangu mume wangu agongwe pale, kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani nilisimama ukingoni na kitambaa chekundu nilichokifunga kwenye rula yangu ya mita moja. Nikikiinua, magari yanasimama, watu wanavuka. Wahesabuji walipokuja nilitaka watuone watu wa maana, si wahuni. Nikakipiga pasi kitambaa, nikasimama wima siku zote mbili. Tulikuwa tumehangaika kukusanya sahihi elfu mbili za kuomba taa, halafu mimi mwenyewe nikaenda kuwaonyesha kwamba hazihitajiki.

Mheshimiwa alizungushwa ofisi hii na ile wiki sita, mpaka wakakubali kurudia hesabu, asubuhi moja tu. Zikipatikana hatari ishirini, taa zinakuja. Zisipopatikana, faili linafungwa miaka mitano. Akaniwekea sharti mbele ya kamati nzima, yaani mbele yangu na mwuza magazeti.

"Shemeji, siku hiyo usinyanyuke. Waache wavuke wenyewe, wakubwa waone."

"Na akigongwa mtu?"

Alitazama viatu vya watu vilivyopangwa mezani kwake. "Asubuhi moja tu, shemeji."

Nikakubali. Ningependa kusema iliniuma, lakini haikuniuma. Nilikubali kama ninavyokubali kupunguza gauni kiuno.

Siku ikafika. Karani wa hesabu, dada mwembamba mwenye fomu iliyobanwa kwenye ubao, aliketi kwenye benchi mlangoni pangu. Mimi nilikaa nyuma ya cherehani, rula nimeilaza miguuni. Watu wa kazini walivuka roho mkononi. Mwuza magazeti alikimbia akaacha kandambili moja katikati ya barabara, na basi likafunga breki pembeni yake. Karani akaweka alama. Kufikia saa moja na nusu alikuwa nazo kumi na moja.

"Bado tisa," akasema. Kutoka kibanda cha pili Mheshimiwa aliniinulia dole gumba.

Kisha alama zikakoma.

Ng'ambo, kwenye nyumba zetu, watoto wa shule walikuwa wamefika. Walisimama ukingoni wamepanga mstari, bila kukanyaga lami. Wakawa kumi, ishirini, arobaini, na watu wazima wakaona haya kuwapita, nao wakasimama nyuma yao. Mbele kabisa alikuwa binti yangu wa darasa la tatu, na begi nililomshonea mwenyewe. Kengele ya shule ikalia upande wetu wa vibanda. Hakuna aliyevuka.

"Mbona hawavuki?" karani akauliza.

"Niliwafundisha wasivuke mpaka waone kitambaa."

Akaigeuza fomu mbele na nyuma. "Wanaosubiri sina pa kuwaandika, mama. Wangevuka tu."

Vuka tu. Ndivyo nilivyomwambia mume wangu kwenye simu siku ile nilipoishiwa uzi mweupe. Vuka tu uniletee, mteja ananingoja. Akavuka.

Binti yangu hakuita wala hakupunga mkono. Alinitazama tu kwa subira, hana wasiwasi wowote kwamba nitakuja.

Nikaiokota rula.

"Mama, ukisimama pale siongezi alama hata moja," karani akasema.

"Usiongeze."

"Shemeji!" Mheshimiwa alipiga kelele, nyundo mkononi. "Tisa tu! Zimebaki tisa tu!"

Niliingia barabarani nikainua kitambaa. Magari yakasimama. Binti yangu akatangulia, na wenzake wakafuata wawili wawili, kila mmoja na shikamoo yake. Aliponifikia akasimama, akakunja uso.

"Mama, leo umechelewa."

"Najua," nikasema. "Nisamehe."

Alinishangaa. Nililia palepale katikati ya lami, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti, kamasi na kila kitu. Madereva walinipigia honi. Sikushusha mkono mpaka mtoto wa mwisho alipopanda ukingo.