Inchi Arobaini na Tatu

Siku Mbwana alipofika na televisheni mbili juu ya kirikuu kimoja, majirani wa mtaa wetu wa Tandika walitoka nje kumsifu. Moja ilishushwa kwangu, mimi Mwanakombo, bi mkubwa, mama wa mwanawe Faraji. Ya pili ilibaki garini kuelekea Chamazi kwa bi mdogo, Najat, aliyemwoa mwaka juzi. Maboksi yalikuwa ya ukubwa mmoja, inchi arobaini na tatu, na yote yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni smati.

"Mwanamume ndiyo huyu," jirani mmoja alisema. "Wangu mie alinunua doti moja ya khanga, kila mke akapewa kipande."

Nilifurahi, sitaficha. Mbwana alipotaka kuoa nilimwambia sina nguvu ya kumzuia, dini imemruhusu, lakini haki yangu nitaidai mpaka ya sindano. Akakubali mbele ya baba yake mdogo, Mzee Shomari, kwamba atalala siku mbili kwangu na siku mbili Chamazi, na kitakachoingia nyumba moja kitaingia na ya pili. Mwaka mzima alishika neno lake. Akileta feni huku, na kule inakwenda feni. Nikaacha hata kununa. Mwanamke ukishajua kwamba siku zako ni zako, usingizi unakuja wenyewe.

Hakuna aliyetuambia kwamba televisheni mbili zinaweza kulingana inchi zisilingane akili. Yangu ilikuwa ya kampuni moja na ya Najat ya kampuni nyingine, kwa kuwa dukani zilibaki moja moja. Mwanzoni halikuwa tatizo. Mpira ulikuwa kwenye king'amuzi, na ving'amuzi tulikuwa navyo wote wawili. Kisha mechi za Uingereza ambazo Mbwana anazipenda kuliko chakula zikahamia kwenye app. Tamthilia yangu nayo ikahamia kwenye app nyingine. Ile ya mpira ilifunguka Chamazi bila shida. Kwangu ukiitafuta haipo kabisa, kana kwamba haijawahi kuzaliwa. Ya tamthilia ikawa ipo kwangu, kwa Najat haipo.

"Basi nyie wake zangu mmegawana," Mbwana alisema akicheka. "Mmoja ana mpira, mwenziwe ana machozi."

Tulicheka wote. Na mimi nilicheka, mjinga mimi.

Jumamosi ya kwanza iliyoangukia zamu yangu aliniaga vizuri. "Mama Faraji, nachungulia mechi Chamazi, ikiisha tu nimerudi." Akarudi baada ya isha. Jumamosi nyingine alirudi saa nne, ameshiba. Ya tatu akapiga simu kwamba usiku umeingia na njia si salama kwa pikipiki, tuonane kesho. Siku hiyo nilikuwa nimepika pweza wa nazi. Nilikula hadi nikachukia ladha yake, kilichobaki nikampa jirani.

Nilimuuliza kwa nini asiangalie kwenye simu. Akasema hawezi kukodolea macho kitu cha ukubwa wa kiberiti kwa umri wake. Nikamtajia kibanda umiza cha pale kona, wanakoonyesha mechi kwa kiingilio. Akasema kule vijana wanavuta bangi na yeye ni mtu mzima. Kuna siku alijaribu kuitupa picha ya simu ije kwenye televisheni yangu, ikagoma, kioo kikabaki cheusi. Alibonyeza rimoti weee, jasho likamtoka, mwisho akaiweka mezani na kushusha pumzi. Nilimwonea huruma. Nilimwona akihangaika kweli, na nikaamini kwamba shida yetu ilikuwa ndani ya kile kioo.

Baada ya miezi mitatu siku zangu nane zilikuwa zimekwenda Chamazi. Sikuziandika popote. Siku uliyompikia mtu asije haihitaji daftari. Mbaya zaidi, mechi zilianza kuonekana hata Jumanne na Jumatano, na mtu anayeishi kwa mume nusu hawezi kukatiwa tena nusu ya hiyo nusu akakaa kimya. Nikaenda kwa Mzee Shomari kushtaki.

Kikao cha wazee wa ukoo kilikaa Jumapili sebuleni kwangu. Mzee Shomari alikuwa seremala kabla magoti hayajamshinda, na alikuja na futi kamba yake mfukoni. Baada ya salamu na kahawa alinitaka niseme.

"Mzee, mie sidai tivii," nilisema. "Nadai siku zangu. Anaondoka kwenye zamu yangu, anakwenda kulala kwa mwenzangu."

"Mbwana, ni kweli?"

"Kweli, baba. Lakini siendi kwa ajili ya mtu, naendea mechi. Huku haionekani. Ikiisha usiku umeingia, nitarudije?"

Mzee Shomari akatikisa kichwa kwa muda. Kisha akanyanyuka, akavuta futi kamba, akaipima televisheni yangu kwa upana. Akakunja uso. "Hii ni thelathini na saba na nusu! Mbona uliniambia arobaini na tatu?"

"Inapimwa kona kwa kona, baba," Mbwana alisema.

Akapima kona kwa kona, ikatoka arobaini na tatu. Akaagiza Najat apigiwe simu, naye apime ya kwake. Tukasubiri, simu imewekwa sauti ya juu, tunasikia anahangaika na futi ya cherehani. "Arobaini na tatu, baba," Najat alisema kwa adabu zote. Sauti yake ni nzuri, sina haja ya kusema uongo.

Mzee Shomari akaketi. "Basi haki imetimia. Mume kanunua sawa kwa sawa, siku moja, duka moja. Mbwana hana kosa hapa. Kosa ni la kampuni."

Wakaitikia wote kwamba ni la kampuni. Mbwana naye aliitikia, kwa nguvu kuliko wote. Akaahidi kwamba siku mambo yakitengemaa atatulia, ila kwa sasa tuvumiliane. Nikawapakulia wali wakala. Kila nikikumbuka jinsi nilivyowaongezea mchuzi, najionea uchungu.

Lakini nilijiambia, kama kosa ni la kampuni, basi nitaliondoa mwenyewe. Nina biashara yangu ya vijora pale sokoni, sikosi senti ya kuokoa ndoa. Kesho yake nikaenda Buguruni.

Kijana wa duka la kwanza aliniuzia kijiboksi cheusi, akaapa kinafungua kila kitu chini ya jua. Na kweli kilifungua kila kitu. Kilifungua Wahindi, Wakorea, wahubiri, wapishi, hata watu wanaojenga nyumba kwa udongo. Nilipogusa mpira kikaandika kwamba kifaa hiki hakitambuliki. Nikakirudisha, yule kijana akaniambia, "Sista, tivii yako ndiyo mbovu, nunua nyingine." Nikamwambia asante, mume mmoja ameshanunua mbili zikaleta balaa.

Mlango wa pili nikamkuta fundi Gozbert, Mhaya mpole mwenye miwani, akiwa amezungukwa na televisheni zilizofunuliwa migongo. Yeye hakuapa. Aliniomba picha ya kioo changu, akaitazama kwenye simu yangu.

"Mama, tivii yako si mbovu," alisema. "Kila kampuni imeweka soko lake mle ndani. Wenye app ya mpira wamepeleka mzigo kwenye masoko mawili matatu, kwenye soko la tivii yako hawajapeleka. Kesho wanaweza kupeleka, au wasipeleke kamwe. Hawagombani na wewe, hawakujui."

"Sasa mie nifanye nini, fundi?"

"Kuna stiki ya kuchomeka pale nyuma. Tivii itabaki kioo tu, akili itatumia ya stiki. Ila chukua halisi. Hizo za bei ya mchekea ndizo zinakuambia hazitambuliki."

Nikachukua halisi. Nikalipia na app yenyewe kwa mwezi mzima, akaunti yangu, jina langu, tusije tukaambiwa Chamazi wanatazama kwa hiyo Tandika wasubiri. Gozbert akaja nyumbani Alhamisi, akachomeka, akaingiza namba ya siri ya waifai. Mara ile app ikajitokeza, kisha uwanja, majani mabichi, watu wanakimbia. Nikapiga kigelegele.

"Kumbe mama unapenda mpira kiasi hiki," Gozbert alisema.

"Siupendi hata kidogo," nikamjibu, akanitazama asielewe.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu na mechi ilikuwa saa kumi na moja jioni. Sikumwambia Mbwana neno. Nilipika pilau, nikakaanga samaki, nikafukiza udi, nikavaa kijora ambacho sijakiuza kwa sababu nilikitaka mwenyewe. Nusu saa kabla ya mechi alirudi kutoka kwenye duka lake la spea za pikipiki, akapita moja kwa moja chumbani kubadilisha shati. Akatoka na jezi, funguo mkononi.

"Baba Faraji, kaa kwanza," nikamwambia. Nikabonyeza rimoti.

Timu yake ndiyo ilikuwa inaingia uwanjani kupasha misuli. Nikageuka kuutazama uso wake, maana ile furaha nilikuwa nimeisubiri wiki nzima. Haikuja. Alisimama katikati ya sebule, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekutwa mahali asipotakiwa.

"Hii imekuwaje?" aliuliza.

Nikamweleza habari za stiki na fundi. Akasema itakuwa inakwama kwama. Tukatazama, haikukwama. Akauliza akaunti ya nani, isije ikamfungia Najat. Nikasema yangu. Akasema hawezi kutazama mechi kwa Kiingereza. Nikabonyeza, mtangazaji akaanza kusema Kiswahili kizuri kuliko chetu. Akakaa ukingoni mwa kochi na viatu vyake miguuni, funguo bado kiganjani, na mimi nikamletea sahani ya pilau.

Alikula vijiko vitatu. Mpira unachezwa, watu wake wanashambulia, yeye anatazama ukuta wa juu ya televisheni. Nimeishi na huyu mtu miaka kumi na tisa. Mpira ukikaribia goli huwa ananyanyuka bila kujijua, anamwaga chai, anampiga mtu wa karibu kibao cha bega. Siku hiyo walikosa goli la wazi na hakutikisika.

Ilipofika dakika ya ishirini hivi akaweka sahani chini.

"Mama Faraji, umefanya jambo zuri. Inaonyesha vizuri kabisa," alisema taratibu. "Lakini mie kule nimeshazoea."

"Umezoea nini? Mechi si hii hapa?"

"Nimezoea tu. Kukaa kule."

Hakufoka wala hakutunga uongo mwingine, na hilo ndilo lililonichoma. Angenidanganya ningejua bado ananiogopa kidogo. Miezi yote ile nilipigana na kampuni nisizozijua, masoko yaliyomo ndani ya vioo, stiki na namba za siri, nikidhani kuna ukuta kati yangu na mume wangu na nikiubomoa atavuka. Nimeubomoa kwa pesa yangu mwenyewe, na yeye amesimama palepale. Akufukuzaye hakuambii toka. Wala huyu hakunifukuza. Aliondoka kidogo kidogo, mechi moja moja, na ukoo mzima ukamsaidia kwa futi kamba.

"Nenda," nikamwambia.

"Kweli?"

Hilo neno lake ndilo lililoniua. Lilitoka kwa furaha, furaha yote niliyoisubiri mbele ya televisheni, kama mtoto wa chuoni aliyeambiwa na maalimu kwamba leo hakuna kusoma. Alikuwa ameshasimama. Akasema kesho asubuhi atapitisha mboga. Nikasikia pikipiki yake ikiwaka, ikakunja kona, ikapotea.

Nililia kwa sauti, sikujali majirani. Nyuma yangu goli likaingia, mtaa mzima ukapiga kelele, sikujua limefungwa na nani na sijauliza mpaka leo. Nikazima.

Asubuhi sikungoja mboga. Nilivaa baibui langu nikaenda kwa Mzee Shomari, nikamkuta barazani anakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mkwe wangu. Ile tivii imekorofisha tena?"

"Hapana, mzee, sasa ni nzima, inaonyesha kila kitu," nikamjibu. "Ndiyo maana nimekuja kuomba talaka yangu."