Asali ya Ndoo ya Nne

Moza aliketi kwenye stuli ya maabara, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Kesho yake mnunuzi kutoka Lindi mjini angefika Kilangala kuchukua asali ya kikundi chao cha akina mama, na tayari kulikuwa na mnong'ono kwamba imechanganywa. Yeye ndiye katibu. Ndiye aliyemwomba Mwalimu Augustine wa sekondari aipime.

Mwalimu alichukua asali kidogo ya kila ndoo, akaiyeyusha kwa maji, akaichemsha, kisha akazipanga neli sita za kioo zipoe.

"Bado tu, Mwalimu?"

"Ikiwa ya moto, iodini haisemi kweli. Tulia, dada yangu."

Atulie vipi?

Hatimaye mwalimu akadondosha iodini. Neli ya kwanza ikabaki hudhurungi. Ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne ikageuka bluu, ikakolea mpaka ikawa nyeusi kama wino. Mbili za mwisho hazikubadilika.

"Hii ya nne ina wanga. Kuna mtu katia unga. Ndoo ya nani?"

Moza angeweza kusema hajui.

"Ya mama yangu," alisema.

Alikwenda nyumbani mbiombio, salamu za njiani akizijibu nusunusu. Alimkuta Bi Somoe akimenya muhogo uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona wahema?"

"Mama, umetia nini kwenye asali?"

Kisu kikasita. "Niliivuna mapema mno, ikawa nyepesi. Niliona haya, wenzio waseme asali ya mama wa katibu inatiririka kama maji. Nikakorogea uji wa muhogo, kidogo tu, ishike."

"Nitawaambia, mama."

Bi Somoe akaendelea kumenya muhogo.

Asubuhi, mbele ya kikundi na mnunuzi, Moza alisema yote. Mama yake alijifunika uso kwa kanga. Mnunuzi akapakia ndoo tano, ya nne akaiacha.

Walirudi pamoja. Moza alimtupia jicho mama yake kila hatua, asijue kama amesamehewa. Karibu na nyumbani Bi Somoe akauliza:

"Hiyo dawa ya mwalimu, huona hata kijiko kimoja cha uji?"

"Hata kijiko kimoja, mama."

Bi Somoe akaguna, akakaza mwendo.