Meno Kwenye Mboji

Mume wangu alitangaza vita na plastiki, na kama ilivyo desturi ya vita, aliyetangaza hakwenda kupigana. Madumu yangu yalitolewa, beseni likafuata, nikabaki na ndoo ya chuma inayonivunja mgongo hata ikiwa tupu. Mwenyewe alikuwa anautaka ukuu wa idara ya usafi mjini. Siku hiyo mkaguzi angekuja kuona kama kweli nyumba yetu haina plastiki. Ikipita, cheo ni chake.

Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani minene, alipekua jikoni, chooni, mpaka uvunguni mwa kitanda chetu. Hakuona kitu. Bwana akavimba kichwa, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye shimo la mboji.

"Humu kila kitu kinaoza, mama. Kinarudi udongo."

Tatizo ni kwamba mume wangu, tangu aache sigara, anatafuna chingamu kutwa nzima. Mtu fulani alimwambia chingamu ni utomvu wa mti, naye akasadiki. Kila akimaliza utamu, anaitupa shimoni pamoja na maganda ya ndizi.

Mkaguzi akachokoa kwa kijiti. Maganda yalikuwa yameoza vizuri. Chingamu zikatoka nzima, nyeupe, za kijani, za waridi, kama zimetemwa asubuhi ile.

"Baba, nyingi kati ya hizi zina plastiki ndani. Hazitaoza leo wala kesho. Ni za nani?"

"Za mke wangu," akasema. "Nimemkanya mpaka nimechoka."

Chingamu hazikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba hakusita hata kidogo.

Nikaokota moja. Alama za meno zilikuwa wazi, na katikati ya meno ya mbele palikuwa na mwanya, ule ule ulionipumbaza nikakubali kuolewa. Mimi sina mwanya. Nikachukua kipande cha sabuni pale karoni, nikakiuma, nikampa mkaguzi pamoja na ile chingamu.

"Linganisha, mama."

Akalinganisha. Kisha akaigeuza sabuni upande wa pili, akamnyooshea mume wangu. Mume wangu akafunga mdomo, akaniangalia kwa macho ya kuomba msaada.

Nilikuwa natema povu.

"Uma tu, mume wangu," nikamwambia. "Sabuni haina plastiki."