Ng'ombe Asiyesogea

"Yupo, mzee. Huyu hapa." Selestina aligeuza simu, Tajewo aone kidoti chekundu cha Sambu, ng'ombe anayeongoza kundi lake, ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro. "Sambu wako mzima kabisa."

Tajewo aliegemea magongo yake. Pikipiki ilimvunja mguu, ikamwacha hapa Karatu kwa shemeji yake, akichunga kwa simu. Jana jioni mchungaji alipotezana na ng'ombe ukunguni. Kundi zima, mali yote iliyobaki baada ya ukame, halikurudi bomani, naye akamwita fundi huyu wa mtandao.

"Amekufa," alisema. "Hajasogea tangu jana mchana. Binti, ng'ombe wa wapi hasogei?"

Wa Rhotia, aliwaza Selestina. Kwa kina Selestina ng'ombe hukaa bandani kama bibi harusi, analetewa majani hadi mdomoni. Akisogea, ujue kamba imekatika. Ndiyo maana jana, kampuni ya intaneti anakofanya kazi Selestina ilipozima anwani za zamani za mtandao na kuwasha mpya, naye akapewa kazi ya kufungua programu moja moja aone ipi itagoma, hii ya kufuatilia ng'ombe aliipitisha bila wasiwasi. Imefunguka. Ramani ipo. Ng'ombe yupo, katulia. Safi!

Simu ya Tajewo iliita. Alikuwa mkewe, Namunyak, aliyetumwa pamoja na majirani kufuata kidoti. Tajewo akaweka sauti kubwa.

"Baba Mepukori, tumefika. Hakuna mzoga, hakuna ng'ombe. Kinyesi kipo, cha jana, kimekauka juu. Na ukungu huu, hata miguu yangu siioni. Tuelekee wapi?"

Cha jana. Selestina alichungulia taarifa za kifaa kilichofungwa shingoni mwa Sambu: ya mwisho iliingia jana mchana. Tangu hapo kifaa kilikuwa kikituma kwenye anwani ya zamani, iliyoandikwa ndani yake na waliokitengeneza, na huko hakuna tena wa kupokea. Programu haikulalamika. Ilionyesha pale pa mwisho, basi.

Alimweleza Tajewo, kisha akampigia bosi wake Arusha.

"Huku kwenye kompyuta kila kitu ni kijani, Sele," Emmanueli alisema. "Na wewe mwenyewe si ulisema inafanya kazi? Kurudisha anwani za zamani sina ruhusa. Mpaka Jumatatu."

"Basi kirekebishe hicho kifaa," Tajewo alisema.

"Lazima mtu akishike mkononi, mzee."

Tajewo alicheka, akacheka mpaka gongo likamponyoka. "Yaani nimpate ng'ombe kwanza, ndipo kinionyeshe alipo!" Kisha hakucheka tena. "Usiku wa jana huko bomani walisikia simba wakinguruma, binti. Sasa ng'ombe wangu wako wapi?"

"Sijui."

"Haloo?" Namunyak alikuwa bado hewani. "Twende wapi?"

Tajewo alimnyooshea Selestina simu. Aliipokea, akaiweka sikioni, akafumbua mdomo. Kule upande wa pili majirani walikuwa wameshaanza kutawanyika ukunguni wakiita, Sambu, Sambu, kila sauti na upande wake, kila moja mbali kidogo kuliko ya kabla.