Figo Amerudi Kwao

Usiku wa jana niliota nimeachwa na figo.

Si yale mawili niliyozaliwa nayo, hayo yalishastaafu. Ni huyu niliyepewa na mdogo wangu Siwema miaka mitatu iliyopita. Namkuta mlangoni amejifunga khanga, sanduku mkononi.

"Nakwenda kwetu," anasema.

"Nimekukosea nini? Dawa nakupa saa kumi na mbili kamili, asubuhi na jioni. Chumvi nimeacha."

"Mchana huna neno. Usiku unaninyima hewa."

Akaondoka bila hata kufunga mlango. Niliogopa sana. Kabla yake nilikuwa nafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na kule sitaki kurudi.

Aliyekimbilia kwao hufuatwa na mshenga. Mshenga aliyepatikana ni moyo wangu. Nikambeba mgongoni, maana daktari aliniagiza nisimchoshe. Nikafungua mlango wa jikoni kwangu Morogoro, nikatokea sebuleni kwa Siwema, Kondoa.

Basi Siwema amekuwa mama mkwe wangu. Mtoto niliyemfuta kamasi kwa mkono huu. Natakiwa nikae mkekani nitazame chini, naye yuko chumbani, kwa kuwa heshima haituruhusu kuonana. Pazia la mlangoni ndilo linalosema kwa niaba yake.

"Mshenga, tunakusikiliza," linasema pazia.

"Tumekuja kuomba radhi," anasema Moyo. "Ila kudanganya siwezi, nimechoka. Huyu akilala anakoroma, halafu kimya. Hapumui. Mimi nashtuka, natoka mbio kama mtu aliyeona nyumba inaungua, mpaka avute pumzi. Kisha anaanza tena. Hivyo hivyo hadi alfajiri."

Nikataka kumkanyaga mguu. Hana mguu.

"Wewe ni mshenga wa nani?" namnong'oneza.

"Wa kwako. Ndiyo maana nasema."

"Kukoroma ni usingizi mzito," najitetea. "Hata marehemu baba alikoroma."

"Na baba alikufaje?" linauliza pazia.

Baba alifia usingizini, moyo ulisimama tu. Moyo wangu akakohoa kidogo, kwa adabu.

"Na daktari alipokuuliza kama unakoroma?" anauliza Figo kutoka pembeni.

"Nilisema hapana."

Makochi yote yakaguna.

"Hatutaki mbuzi wala kitenge," linahukumu pazia. "Akapimwe usingizi. Akiambiwa avae barakoa ya hewa, avae, hata akifanana na tembo. Tusije tukamzika na mtoto wetu tumboni."

Nikakubali, na machozi yalinitoka, sifichi. Figo akafungua sanduku lake mbele yangu. Lilikuwa tupu.

"Nilijua utanifuata," akasema.

Nikaamka, simu inaita. Ni Siwema. Tangu ajifunze kusema, hajawahi kuongea nami bila kuanza na "Shikamoo, kaka". Leo kanyamaza. Namsikia tu anavyopumua, anasubiri.

"Shikamoo," nikasema mwishowe.

"Marahaba," akajibu mdogo wangu, bila kusita. "Kliniki wanafungua saa moja."