Umbea wa Kushukia Mteremko

Miaka minne mfululizo Oddny alifika kwenye kahawa ya Ijumaa Kuu, ile inayonywewa nje mwisho wa matembezi ya thelujini, akiwa mzigo. Si tusi, ndivyo alivyoandikwa. Nyumba ya mlimani ya ukoo wa mumewe ina daftari la safari, na shemeji yake, Sjur, kila Pasaka huandika humo: "Kwa skii, watu kumi na tisa. Kwenye tela: kuni, machungwa, themosi, Oddny."

Oddny ni mtu wa pwani, wa Haugesund, kwenye mvua, ambako theluji ikidondoka asubuhi, mchana imeshakuwa tope. Akaolewa Valdres, bonde la milimani, kwa watu wanaovaa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, kabla hawajaachishwa ziwa. Bondeni ana saluni, na siri ya bonde lile isiyopita chini ya mkasi wake bado haijazaliwa. Huongea tangu anafungua mlango mpaka anafagia nywele za mwisho.

Mwaka huu, wakati wa kifungua kinywa, nyumba imejaa hadi watu wanakula mkate wao vitandani, akasema mbele ya kadamnasi, "Tela pakieni kuni. Mie leo nakwenda kwa miguu yangu."

Wakacheka, kisha wakaanza kumshauri.

"Kunja magoti," akasema Torgeir, mumewe.

"Mikono mbele, kama umebeba sinia la chai!"

"Usitazame skii zako, hazitoroki!"

"Na ukishindwa, shemeji," Sjur akamalizia huku akimenya chungwa, "Mjomba Amund yuko nyuma na pikipiki ya theluji inayovuta tela. Nafasi yako haijachukuliwa na mtu."

Oddny alicheka nao, lakini moyoni alijua: akipanda tela leo, ndiye mzigo wa maisha.

Kupanda hakukumshinda. Jua lilikuwa jema, theluji inalia taratibu chini ya skii, hakuna upepo. Mambo yaliharibika ulipofika mteremko mrefu wa kushukia ziwani. Wenzake walishuka mmoja mmoja kama maji. Torgeir alitaka kumngoja, akamfukuza. "Nenda zako, ukinitazama ndiyo naanguka zaidi."

Akaanguka bila kutazamwa. Akainuka, akafukia shimo aliloacha, maana huko mlimani shimo hufukiwa na mwenye kuanguka, asije mwingine akavunjika mguu. Akasogea hatua kumi, akaanguka tena. Alipoanguka mara ya tatu alibaki ameketi. Juu kule mlio wa pikipiki ya Amund ukasikika.

Mama mkwe wake ndiye aliyemfikia kwanza. Bibi Eldbjørg ana miaka sabini na moja na hutembea wa mwisho kati ya wenye skii siku zote, ahakikishe hakuna aliyeachwa. Hakumpa mkono. Alisimama akalikagua shimo.

"Mashimo yako nimeyapita yote," akasema. "Hata ukiyafukia, chapa inaonekana. Ni moja tu, mwanangu. Makalio."

"Mama, jamani!"

"Anayeanguka mbele hutoboa theluji kwa mikono. Anayeanguka kando huacha mfereji. Wewe huanguki, unaketi. Unaketi mapema, kabla mlima haujakuangusha."

"Naogopa, mama."

"Naona. Na nimeona kingine. Tangu uingie ukoo huu sijapata kukusikia umenyamaza, hata kanisani. Hapa juu, kimya! Unabana pumzi. Mtu akibana pumzi hukakamaa mpaka magotini, na akikakamaa huenda nyuma. Hao wangekuambia ukunje magoti mpaka Krismasi."

"Sasa nifanyeje?"

Bibi Eldbjørg alifunga vizuri mikanda ya fimbo zake. "Nasikia daktari wa mifugo anahama na Gudrun wa kwaya."

Oddny aliinua kichwa. "Gudrun? Nani kakuambia Gudrun?"

"Watu wote."

"Watu wote hawajui kitu!"

"Basi nijuze. Ila mie sisimami, kahawa inapoa." Akateremka zake polepole, kwa mizunguko mipana.

Oddny alifukia shimo lake haraka haraka, akamfuata. Angefanyaje? Habari ilikuwa inakwenda bondeni ikiwa imepinda.

"Gudrun anaimba naye tu kwayani!" akapaza sauti. "Anayehama naye ni mwingine, mwenye mume! Alikuja kwangu Jumatano, anataka nywele nyekundu. Nikamwambia, dada, nyekundu kwa ajili ya nani?"

"Akasemaje?" Bibi Eldbjørg akazunguka kushoto.

Oddny naye akazunguka kushoto. "Akajifanya anasoma gazeti! Halafu simu yake ikaita, iko palepale kwenye kioo, nami macho ninayo..."

Skii zilimkimbiza kidogo, akayumba, magoti yakalegea yenyewe, akarudi njiani na sentensi yake haijakatika. Alieleza ya simu, ya sanduku lililofichwa ghalani, ya mume anayedhani mkewe anajifunza Kihispania. Alipomaliza ya Kihispania, theluji ilikuwa imelala tambarare, nao wamesimama ukingoni mwa ziwa. Akageuka kutazama. Mteremko wote ulikuwa nyuma yake.

"Mama. Nimeshuka."

"Umeshuka. Ni nani huyo mwanamke?"

Amund aliwafikia, akazima pikipiki. "Haya, Oddny, panda. Umebaki mteremko mmoja, na ule ni mbaya kuliko huu."

Bibi Eldbjørg alimshika mkwewe mkono wa koti. "Jina tu, mwanangu. Nitajie jina."

"Mjomba, tangulia na kuni," akasema Oddny. Akakaza glavu, akaelekeza skii zake kwenye njia. "Na wewe mama, ukitaka jina, nifuate. Nitalitaja katikati ya mteremko."