Maksai Aliyeitwa Padri

Padri Gilfoyle alikuwa akija Tarrawin mara moja kwa mwaka, mvua za baridi zikishakatika, na mwaka ule mvua zilikataa kukatika. Alifikia ng'ambo ya magharibi ya mto, yeye na farasi wake wamelowa chapachapa. Mchumba wangu, Con Sugrue, alikuwa ng'ambo hiyohiyo na gari lake la maksai lililojaa sufu ya kondoo. Mimi nilikuwa mashariki, nyumbani kwetu, nimevaa gauni la harusi la mama yangu. Katikati yetu mto ulikuwa unashuka na magogo, na kuku mmoja amekaa juu ya banda lake kama abiria aliyelipa nauli.

"Nakunywa chai hii, halafu naondoka," padri alitupigia kelele. "Kijito cha mbele kinajaa."

"Utaolewa mwakani, Honora," Mama akaniambia. "Mwaka si mrefu."

"Kwako wewe uliyekwisha kuolewa."

Miaka miwili nilikuwa nimemsubiri Con aache kulala chini ya gari na ajenge nyumba. Nyumba ilikuwa imesimama, ina bati na bomba la moshi. Sikuwa na mwaka mwingine wa kuwagawia watu.

Tulikuwa na waya. Ulivuka mto kutoka mkaratusi wa kwetu hadi mkaratusi wa ng'ambo, na juu yake lilining'inia sanduku la mbao ambalo Baba alivushia unga, barua, na siku moja mbuzi. Maksai wa Con, kule ng'ambo, ndio waliovuta kamba ya sanduku.

"Mbuzi alifika salama?" nikamwuliza Baba.

"Alifika. Ila hakuwa na gauni."

"Nipandishe, Baba."

Mama alinifunga shali kichwani kwa hasira, akanifunga tena kwa upole. Nikaingia sandukuni, magoti yakanigusa kidevu.

Sasa, yule maksai wa mbele. Alikuwa mweusi tii, mwenye mstari mweupe wa manyoya shingoni sawasawa na kola ya kasisi, na Con alimwita Padri tangu akiwa ndama. Mjeledi haukumsumbua. Alitembea kwa jambo moja tu: aitwe jina lake, kisha atukanwe. Tena matusi yawe mapya, maana ya jana hayakumsogeza hata unyayo. Yeye akienda, wenzake wote walimfuata.

Con alimwinamia sikioni akamnong'oneza. Sijui alimwambia nini, lakini sanduku liliruka kama limeumwa na siafu. Upepo ukaingia chini ya gauni, likavimba, na mimi nikaanza kucheka. Maji yalinguruma chini ya miguu yangu na nilijisikia mwepesi kuliko siku zote za maisha yangu.

Nilipofika katikati, Padri Gilfoyle akasogea na kikombe chake aone vizuri, akasimama bega kwa bega na Con. Con akafumba mdomo. Maksai wakasimama. Nikabaki nabembea, na gogo likapita karibu sana na sanduku.

"Mtukane, Con!" Baba alipiga kelele nyuma yangu.

"Siwezi. Yupo hapa."

"Nani yupo?" padri akauliza.

"Wewe, Mhe... Mheshimiwa. Baba. Mzee wangu." Asubuhi nzima maskini alikuwa hajathubutu kutamka neno padri kwa sauti, maksai yule asije akadhani ameitwa.

Hapo nilikasirika kwelikweli. Mwanamume huyu angeniacha nining'inie mpaka kiangazi kwa ajili ya adabu. Nikakusanya pumzi.

"Padri! Mvivu mkubwa wewe, tumbo kama pipa, unakula kama watu kumi na kazi hufanyi!"

Maksai alipiga hatua mbili, akasimama, akageuza kichwa kutafuta sauti ile ngeni. Padri Gilfoyle naye alinitazama, kikombe kimeinama, chai inamwagikia kiatuni.

"Binti," akasema, "nimekukosea nini?"

Con akavua kofia, akaizungusha mikononi, akamweleza yote. Mimi niliona midomo tu. Padri akamtazama maksai. Akaitazama ile shingo. Akaigusa kola yake mwenyewe. Nikajua harusi imekwisha.

Akampa Con kikombe, akakunja mikono ya kanzu.

"Padri," akamwambia maksai, kwa sauti ya mimbarini, "unalala watu wakiungama. Unaimba kama bawaba yenye kutu. Kila nyumba unayoingia, kuku wa mwisho anachinjwa kwa ajili yako, na bado unaulizia bata!"

Nadhani alikuwa ameyabeba maneno yale kwa miaka. Alipofika kwenye habari ya divai, maksai walikuwa wanakimbia. Sanduku lilinitupa juu ya marobota ya sufu, viatu juu, na Con akanivuta chini akicheka na kulia kwa pamoja.

Ibada ilikuwa fupi. Tulisimama matopeni, maksai wakihema nyuma yetu, padri akitazama mawingu. Con alisema ndiyo. Nami nikasema ndiyo.

"Amesema nini?" Mama aliuliza toka ng'ambo. Ngurumo ya maji ilimeza kila kitu.

Nikapanda juu ya gari, nikaweka mikono mdomoni. "Nimesema ndiyo, Mama!"

"Sisikii!"

Nilirudia neno hilo mpaka sauti ikapasuka. Mwishowe Baba akamwinamia sikioni, naye Mama akainua aproni akajifunika uso. Akawa anatikisika, na kwa umbali ule sikuweza kujua analia au anacheka. Nilitaka kumkimbilia. Waya ulikuwa umeshaanza kuguswa na maji, na Baba alikuwa anaufungua, magogo yasije yakaukata.